Kuuzunguka Mji wa Kale wa Mombasa kwa miguu: mwongozo wa siku moja na nusu

Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, kama kilomita za mraba 14 tu, na sehemu yake kongwe inazungukika kwa miguu asubuhi moja. Hata hivyo wageni wengi huishia langoni mwa Fort Jesus: hushuka garini, hupiga picha, huzunguka ndani nusu saa, kisha huvuka daraja la Nyali kwenda ufukweni. Wanauacha mji wenyewe, ulio hatua chache tu kutoka hapo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuuona mji huo vizuri, bila kuunguzwa na jua, bila kutozwa bei ya mgeni, na bila kuwaudhi wenyeji. Mji wa Kale ni makazi ya watu, wenye watoto wanaorudi madrasani na wazee waliokaa barazani, na ndivyo unavyofaa kuingiwa.

Panga siku kwa jua, maji na adhana

Jua. Mawe ya matumbawe na kuta nyeupe huakisi joto, na kuanzia saa tano mchana utachoka hata kama wewe ni mtembezi hodari. Matembezi ya wazi yafanye saa mbili hadi saa tano, pumzika hadi saa tisa, kisha endelea hadi magharibi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kanuni hii haina mjadala. Kusi linapovuma, hasa Juni hadi Septemba, hewa ni nafuu zaidi. Masika ya Aprili na Mei yana tabu yake: mitaro hujaa na vichochoro vyenye mawe laini huteleza.

Maji. Kama unataka kupanda mashua ili uione ngome kutoka baharini, au kushuka ngazi za Leven zinazofika majini (hatua ya tatu), jua kwanza maji yako wapi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata muda husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji yakipwa mwamba ulio chini ya ngome hujitokeza na mashua haiwezi kukaribia. Yakijaa ndipo utauona ukuta ukiinuka moja kwa moja kutoka majini. Mbaharia yeyote wa bandari ya kale atakwambia saa za siku hiyo ukimuuliza.

Adhana. Maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa adhuhuri kwa swala na chakula, na hufunguliwa tena baada ya saa nane. Ijumaa mchana usijipangie chochote cha kununua wala msikiti wa kutazama. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana hupati cha kula mitaani, na si vizuri kunywa maji hadharani, lakini usiku mji huwa hai kuliko wakati wowote wa mwaka.

Vya kubeba ni vichache. Viatu vyenye soli isiyoteleza, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, leso (yaani kanga) au kikoi cha kujifunika, noti ndogo ndogo, na kitambulisho halisi, maana picha yake kwenye simu huenda isikubaliwe. Mavazi yafunike mabega na magoti kwa wanaume na wanawake. Hakuna atakayekufukuza ukivaa kaptula, ila milango mingi na nyuso nyingi zitajifunga.

Kufika

Treni ya SGR, reli ya kisasa itokayo Nairobi, inaishia Miritini, nje ya kisiwa, na kutoka hapo kuna matatu na tuktuk hadi mjini. Anayetoka Tanzania kwa basi linalopita mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga huingia kisiwani kwa feri ya Likoni. Abiria wa miguu hawalipi feri, magari ndiyo yanayolipa. Msongamano wa asubuhi na jioni ni mkubwa, kwa hiyo mkoba uwe mbele, simu iwe ndani, na usipige picha za feri wala za eneo lake. Kwa tuktuk, patana bei kabla ya kukaa. Mwambie dereva "Fort Jesus", hakuna asiyeijua.

Hatua ya kwanza: Fort Jesus, saa mbili kamili

Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Viingilio hutofautiana kati ya Mkenya, raia wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali, na ndiyo maana kitambulisho ni muhimu: usipokuwa nacho unaweza kutozwa kiwango cha juu. Malipo hupitia mfumo wa serikali wa eCitizen kwa simu au kadi. Hapa ndipo wengi hukwama. Mwenye laini ya nje ya Kenya afike na kadi inayofanya kazi, au awe na mwenzake mwenye M-Pesa.

Langoni utakutana na waongozaji. Walio na kibali huwa na kitambulisho cha kuvaa, omba ukione. Elewaneni mambo matatu kabla ya kuingia: bei ni ya kundi au ya mtu, ni ya ngome peke yake au pamoja na mji, na ni ya muda gani. Ugomvi mwingi mwishoni hutokana na la pili.

Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kosa la kawaida ni kukimbilia vyumba vya makumbusho kwanza wakati nje bado kuna ubaridi. Geuza mpangilio: zunguka juu ya kuta kwanza, vyumba vije baadaye jua likikaza.

Ukiwa juu, tazama pembe nne zilizochomoza. San Felipe na San Alberto zinaelekea nchi kavu, San Matias na San Mateus ziko upande wa bahari. Simama kwenye pembe moja uangalie ukuta wa pembe nyingine: utaona kwamba mizinga ya huku iliulinda ukuta wa kule, hivyo adui aliyefika chini ya ukuta hakuwa na mahali pa kujificha. Ukishaelewa hilo, historia yote ya ngome inaeleweka, maana iliangushwa kwa hila, njaa na maradhi zaidi kuliko kwa mizinga. Mwaka 1631 iliingiwa na mfalme wa Mombasa mwenyewe, Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa Jerónimo, kisha akawageuka. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokufa ndani kwa maradhi ni wengi kuliko waliouawa vitani.

Baadaye ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Oman, uliitawala Mombasa kutoka humu hadi 1837, alipoichukua Seyyid Said wa Oman na Zanzibar. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958.

Vitu vitatu visikupite. Cha kwanza ni Nyumba ya Waomani juu ya San Felipe. Kutoka hapo unaona mapaa ya Mji wa Kale, na ndipo mahali pazuri pa kuielewa njia utakayoifuata. Cha pili ni michoro ya mabaharia wa Kireno, merikebu na watu waliochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Usiguse wala usiipige picha kwa mmweko. Cha tatu ni vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro. Wapigambizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Vyungu na vyombo vya udongo kutoka Gedi, Ungwana na Manda, miji ya kale ya mwambao, navyo vinastahili nusu saa, hasa kwa anayefikiri Waswahili walianza kujenga walipofika wageni.

Njia iliyochongwa kwenye mwamba kushuka upande wa bahari huteleza. Shuka taratibu. Ngome yote itakuchukua saa mbili na nusu bila haraka.

Hatua ya pili: Barabara ya Mbarak Hinawy hadi bandari ya kale

Ukitoka langoni ingia Barabara ya Mbarak Hinawy. Ndiyo njia iliyoelekea bandarini, na zamani, mwanzoni mwa ukoloni wa Mwingereza, toroli za kusukumwa na watu zilipita kwenye reli nyembamba katika mitaa hii. Tembea upande wenye kivuli na uinue macho, kwani uzuri wa mtaa huu uko ghorofa ya kwanza. Kulia kwako bahari haionekani, lakini ukipotea kumbuka kwamba kila kichochoro kinachoteremka upande wa mashariki kinaelekea majini. Hiyo ndiyo dira ya Mji wa Kale. Ramani ya simu hudanganya sana ndani ya vichochoro vyenye kuta ndefu.

Msikiti wa Mandhry utautambua kwa mnara wake mweupe, mpana chini na mwembamba juu. Unahesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe ya Mombasa, na mwaka unaotajwa ni 1570. Tazama kwa nje. Mwislamu ataingia kuswali kama kwengineko. Asiye Mwislamu aombe ruhusa kwa mtunza msikiti, nje ya nyakati za swala, na akikataliwa ashukuru aende zake.

Mbele utafika uwanja wa wazi, Government Square. Afisi za utawala zilikuwa hapa kabla makao makuu hayajahamia Nairobi. Bandari ya kale iko chini yake. Majahazi hayajazi tena bandari kama zama za pepo za msimu, lakini bado vyombo hufika kutoka mwambao wa Somalia, Pemba na kwengineko. Langoni kuna walinzi. Omba ruhusa ya kuingia, na usipige picha mpaka umeruhusiwa kwa maneno, maana bandari ni eneo la forodha na ulinzi. Simu nyingi huzozaniwa hapo kwa sababu mtu alipiga kwanza akauliza baadaye.

Hatua ya tatu: Leven

Dakika chache kaskazini ya uwanja uliza Leven House. Jina lilitokana na HMS Leven, manowari ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyekubali mwaka 1824 kuwapa Mazrui ulinzi dhidi ya Seyyid Said. Alimwacha Luteni Reitz kuwa mwakilishi, naye akafa mwaka huohuo. Port Reitz, upande wa uwanja wa ndege, imepewa jina lake. Ulinzi wenyewe haukudumu, mwaka 1826 ulikuwa umekwisha. Mbele ya nyumba kuna ngazi za Leven zinazoshuka hadi usawa wa maji. Zina ukungu na giza, kwa hiyo tochi ya simu na mkono ukutani. Usishuke maji yakiwa yanajaa siku za bamvua.

Hatua ya nne: rudi kwa mtaa wa Ndia Kuu, na usome nyumba

Sehemu hii watu huipita upesi kwa sababu hawajui wanachokitazama. Ipe saa nzima.

Anza na kuta. Nyumba kongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haina urefu mkubwa, kwa hiyo chumba hakikuweza kuwa na upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Ukiona chumba kipana ndani ya nyumba ya zamani, jua kimeongezewa chuma au zege baadaye.

Kisha angalia plasta. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa. Ukipigwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na baada ya misimu michache rangi hutoka mapele, plasta hupasuka vipande vipande na mawe ya ndani huanza kuwa unga. Utaziona nyumba za namna hiyo njia nzima, mara nyingi jirani na nyumba ya chokaa yenye umri mkubwa zaidi lakini yenye afya. Inasikitisha, kwa sababu mwenye nyumba alitumia pesa akidhani anaiokoa. Kwa sababu hiyohiyo usisimame chini ya roshani iliyolegea, hasa siku za mvua.

Roshani za mbao na madirisha yenye vipande vya kupeperusha hewa vilimruhusu aliye ndani aone mtaa bila kuonekana. Mkono wa mafundi wa Kihindi uko wazi katika nakshi nyingi za Ndia Kuu.

Sasa milango. Simama mbele ya mmoja uutazame kutoka juu kwenda chini: kizingiti cha juu, miimo ya pande mbili, na mfaa, ule ubao wa katikati uliochongwa unaofunika mahali mbawa mbili zinapokutana. Mlango wenye vipande vingi vya mraba una asili ya Kigujarati; ulio na kizingiti cha upinde na maua yaliyojaa huelekea Unguja. Kwenye baadhi ya vizingiti kuna mwaka wa Hijria kwa nambari za Kiarabu. Kuugeuza ni rahisi: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Mlango wenye 1310 basi ni wa 1892 au 1893.

Ukitaka kupiga picha mlango, sema "Hodi" au "Assalaam alaykum" kwa aliye karibu na uombe. Mzee barazani mwamkie kwanza: "Shikamoo, mzee," ndipo useme shida yako. Akina mama usiwapige picha bila idhini, hata kwa mbali. Ukikaribishwa kukaa, kaa. Dakika tano za baraza zitakufunza zaidi ya mabango.

Hatua ya tano: Biashara Street na Marikiti, baada ya saa tisa

Baada ya mapumziko vuka kuelekea Digo Road. Biashara Street ndio mtaa wa leso na vikoi. Leso huuzwa jozi ikiwa kitambaa kimoja kisichokatwa. Hukatwa katikati na kupindwa kingo, kazi ambayo mafundi wa vyerehani wa jirani huifanya ukisubiri. Kagua vitu viwili. Lowesha kona kwa maji na uisugue kwenye kitambaa cheupe: rangi ikihama sana, itachafua nguo nyengine. Halafu soma jina, yale maneno yaliyo juu ya pindo la chini. Leso nyingi zina vijembe, na kumpelekea mama mkwe leso ya kumsuta ni balaa utakaloeleza miaka.

Marikiti, soko la Mackinnon, ni la viungo, matunda na mboga. Nunua viungo vizima: bizari ya pilau, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Viungo vilivyosagwa hupoteza harufu upesi, na huwezi kujua vimechanganywa na nini. Zafarani ya bei rahisi si zafarani. Tia nyuzi mbili katika maji vuguvugu: ya kweli hutoa umanjano polepole na nyuzi hubaki nyekundu, ya bandia humwaga rangi papo hapo na nyuzi hufifia. Kwa bei, zunguka wauzaji watatu kabla ya kununua, na nunua robo kilo badala ya kifurushi cha mgeni.

Magharibi ikiingia rudi Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, au mbele ya ngome ule. Viazi karai na chatne ya ukwaju, mishkaki, kaimati. Asubuhi yake, kabla ya hatua yoyote, ni mahamri na mbaazi za nazi. Chagua jiko lenye wateja wengi na mafuta yasiyokuwa meusi. Kahawa chungu kutoka kwenye dele, birika la kahawa, na kipande cha halua, ndiyo ya mwisho. Vichochoro visivyo na taa usivipite peke yako usiku. Toka kwa barabara kubwa na uchukue tuktuk.

Nusu siku ya pili

Treasury Square, kwenye Nkrumah Road, kuna sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara ambaye maduka yake yaliifuata reli kutoka Mombasa hadi Uganda. Dakika kumi zatosha. Mapembe ya Moi Avenue, mifano mikubwa ya pembe za ndovu iliyo juu ya barabara, yaliyowekwa miaka ya 1950 kupamba njia ya wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, hupigwa picha vizuri asubuhi mapema kabla ya magari. Usisimame katikati ya barabara.

Nguzo ya Mbaraki iko kusini-magharibi ya kisiwa, karibu na magofu ya msikiti. Watalii hufika wachache na ni mnara wa kale hasa, umejengwa kwa matumbawe. Watu huwasha ubani na kumwaga marashi hapo. Usiguse vitu vilivyoachwa.

Mwisho wa safari uwe Mama Ngina, ambako wenyeji wengi bado wanapaita Lighthouse. Palifunguliwa upya mwaka 2019 baada ya ukarabati, na mibuyu mikongwe imebaki. Fika saa kumi na nusu, ununue dafu na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, ukae upande unaotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Meli kubwa hupita karibu kabisa na ukuta, na zinapopita feri za Likoni husimama kuzipisha. Kwa hiyo kama unarudi Likoni jioni hiyo, ukiona meli inaingia ongeza muda kwenye hesabu yako ya kuvuka.